Jeshi la Grand Fenwick
Kuna jamaa kadai kuwa Grand Fenwick ni nchi ya kweli, yenye jeshi la wapiga mishale waliovamia New York. Hapana, hiyo haipo kwenye ramani yoyote. Ni nchi ya kubuni, imetoka kwenye riwaya ya Leonard Wibberley ya 1955, kisha ikatolewa filamu 1959, Peter Sellers akacheza nafasi tatu peke yake (niliitazama, nilicheka sana). Nadhani jamaa kaichanganya na Liechtenstein. Hiyo ipo kweli, katikati ya Uswisi na Austria, na haina jeshi tangu 1868, walilivunja kukwepa gharama. Polisi wanao. Ile ya askari wa Liechtenstein 80 kwenda vitani 1866 wakarudi 81 inasimuliwa sana, ila ichukulieni kama hadithi tu.