Nilibeba swali mfukoni wiki tatu

Muhula wangu wa kwanza chuoni nilitembea na kikaratasi mfukoni. Kilikuwa na swali moja la takwimu: kwa nini tukitafuta mtawanyiko wa sampuli, yaani jinsi namba za watu wachache tuliowapima zinavyoachana, tunagawanya kwa idadi ya watu hao ukitoa mmoja, na si kwa idadi yenyewe? Nililiandika kwa sentensi kamili, nikalifanyia mazoezi chumbani kama mtu anayekwenda kuposa. Kila Jumanne niliingia nalo darasani, na kila Jumanne nikatoka nalo. Wiki ya tatu nilikiweka kikaratasi juu ya daftari nikidhani kitanitia moyo. Jirani yangu akakisoma kwa pembe ya jicho, akanyoosha mkono, akauliza. Mhadhiri akaacha alichokuwa akiandika ubaoni, na dakika zote zilizobaki zikaishia kwenye swali hilo.

"Swali zuri sana," akamwambia jirani yangu.

Nilinuna siku nzima. Usiku ndipo nilipong'amua jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alijue mapema: swali langu halikuwa na kasoro, wala kichwa changu hakikuwa kizito. Jirani yangu hakunizidi akili. Alinizidi kwa kuwa alikuwa ameshauliza maswali mengi kabla ya hilo, mengine ya kijinga kabisa, na aliona kwamba baada ya swali la kijinga dunia inaendelea.

Mimi nilikuwa nasubiri kujiamini kwanza ndipo niulize. Nilikuwa nimeipanga safari kinyumenyume.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika hili mwaka 1977. Alitaja vyanzo vinne vinavyomfanya mtu aamini kuwa jambo fulani analiweza: kulifanya mwenyewe likafanikiwa, kuwaona wanaofanana naye wakilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyoutafsiri mwili wake unapotetemeka au moyo unapokwenda mbio. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutiana moyo, ambayo ndiyo tunayopeana kwa wingi, hayana nguvu hiyo. Ukiambiwa "jiamini" mara mia hujapata hata nusu ya unachokipata ukisimama mara moja, ukaongea, ukakaa. Na imani hiyo huwa ya jambo mahususi. Unaweza kuwa simba kwenye mdahalo ukawa panya mbele ya dirisha la ofisi ya usajili. Kwa hiyo mtu akisema "mimi sijiamini," mimi humuuliza: kwenye nini?

Chuo kina bahati moja ambayo hatuithamini mpaka tumalize. Ni mahali penye nafasi nyingi za kujaribu ambapo kosa halikugharimu sana. Ukiharibu wasilisho la dakika kumi, unapoteza alama kadhaa. Ukiliharibu la namna hiyo kazini, mambo ni mengine.

Nafasi iliyonijenga kuliko zote hata sikuitafuta. Nilichaguliwa mweka hazina wa klabu ya mdahalo kwa sababu siku ya uchaguzi hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, na mimi niliona aibu kukataa. Mwisho wa muhula nilitakiwa kusoma hesabu mbele ya wanachama, na hesabu hazikulingana. Usiku kucha nilitafuta tofauti nisiione. Asubuhi nikasimama nikasema hivyo hivyo: kiasi hiki kimeingia, kiasi hiki kimetoka, na kiasi hiki sijui kilipo. Nilitegemea kuzomewa. Badala yake mwanachama mmoja akakumbuka kuwa alinunua karatasi za mashindano na hakuwahi kuniletea risiti. Tukamaliza. Tangu siku ile sijawahi kuogopa kusema "sijui" mbele ya watu, na ukichunguza utaona kwamba nusu ya hofu ya kuongea hadharani ni hofu ya kulazimika kutamka neno hilo.

Kuna utafiti mmoja naupenda kuwasimulia wenye aibu. Thomas Gilovich na wenzake waliuchapisha mwaka 2000. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana waliona aibu kuonekana naye, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Baadaye aliulizwa: unadhani ni wangapi waliiona picha? Waliovaa walikisia karibu nusu. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Macho tunayodhani yametuelekea ni mengi kuliko yaliyopo. Kila mmoja chumbani anashughulika na fulana yake.

Basi, tuje kwenye kubadilishana wanafunzi, yaani kwenda kusoma kwa muda katika chuo cha nchi nyingine, maana hapo ndipo mambo yote haya huchemshwa pamoja.

Wazo lenyewe si geni. Marekani ilianzisha ufadhili wa masomo wa Fulbright mwaka 1946, mara tu baada ya vita. Ulaya ilianza mpango wa Erasmus mwaka 1987 kwa nchi 11 na wanafunzi 3,244, nao umekua mpaka kuwahusisha mamilioni. Chuo chenu kinaweza kuwa na makubaliano na vyuo vingine ambayo hata hamyajui, kwa sababu tangazo lilibandikwa ukutani likafunikwa na tangazo la mpira. Nenda kaulize ofisi ya mahusiano ya kimataifa, au yoyote inayoshughulika na kazi hiyo chuoni kwenu.

Mimi nilipata nafasi ya muhula mmoja, mwaka wa tatu. Kabla hata ya kupanda ndege, maombi yenyewe yalikuwa shule. Nilihitaji barua mbili za wahadhiri wanaonijua. Wanaonijua! Mtu niliyekaa safu ya nyuma miaka miwili! Niliona haya kwenda kugonga mlango wa mhadhiri kumwomba aandike habari za mtu asiyemkumbuka. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba hawezi kuandika chochote zaidi ya alama zangu, akanipa kazi ndogo ya kusaidia kukusanya data ili apate cha kuandika. Kwa hiyo kama bado uko mwaka wa kwanza, zile saa ambazo mhadhiri ametenga kuwaona wanafunzi zitumie. Wahadhiri wengi hukaa peke yao saa hizo.

Jambo la pili, na hapa nitakuwa kama karani: usiondoke bila makubaliano ya maandishi kuhusu masomo yatakayohesabiwa ukirudi. Kwenye mfumo wa Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni kazi ya saa 25 hadi 30 ukijumlisha na kujisomea; mifumo mingine inahesabu tofauti. Mwenzangu mmoja alisoma muhula mzima akarudi akaambiwa somo moja halilingani na lolote la kwetu. Alilirudia. Na kama unahitajika kufanya mtihani wa Kiingereza kama IELTS, kumbuka matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu, usiufanye mapema mno.

Nilipofika, nilinyamaza. Si kwa kupenda. Lugha niliyoifaulu kwenye mtihani ilikuwa ya kusomwa polepole. Ile niliyoikuta ilikimbia, ilimeza maneno, ilicheka katikati ya sentensi. Wiki tano za mwanzo nilijificha kwa watu wa lugha yangu. Sitakwambia kuwa ni dhambi. Wale ndio walionionyesha ofisi zilipo, na bila wao ningelia zaidi. Lakini ilipofika wiki ya sita nikagundua kuwa nimevuka mipaka nikaenda kukaa palepale.

Kilichonitoa ni simu. Kulikuwa na kosa kwenye usajili wangu na ofisi ilijibu kwa simu tu. Simu katika lugha ya kigeni ni mtihani mkali kuliko mazungumzo, kwa sababu huoni uso wala mikono ya kukusaidia kubahatisha. Nikaandika sentensi zangu kwenye kikaratasi (ndiyo, tena kikaratasi), nikapiga. Yule wa upande wa pili akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Nikamwomba arudie, akarudia, sikuelewa, nikamwomba tena. Mara ya tatu akaongea taratibu, tukaelewana, jina langu likarekebishwa. Simu haikufika dakika nne. Nilikaa sakafuni nikicheka peke yangu. Hakuna cheti kilichowahi kunipa furaha ile.

Darasani nako nilipigwa kofi la aina yake. Insha yangu ya kwanza niliipanga kama nilivyozoea: fulani anasema hivi, fulani anasema vile, mwisho. Ilirudi ikiwa imeandikwa mstari mmoja kwa wino: "Na wewe unasemaje?" Nilidhani mhadhiri ananidhihaki. Kumbe alitaka kujua kweli. Kwenye semina wanafunzi walimpinga mhadhiri usoni, naye akajibu kwa hoja, kisha wakatoka wakiongea vizuri. Kwangu mimi, niliyelelewa kuona kimya kuwa ndiyo adabu, ilichukua muda kuamini kwamba kupinga hoja ya mtu si kumvunjia heshima mwenye hoja. Siku niliyosema kwa mara ya kwanza "sikubaliani, kwa sababu...", sauti ilinitetemeka mpaka kwenye "sababu". Waliandika nilichosema. Basi.

Nadhani siri ya kubadilishana iko hapa, na si katika picha tunazopiga. Ugenini hakuna anayekujua kama "yule mkimya". Nyumbani, ukibadilika ghafla, watu wanakushangaa, wanakutania, wanakurudisha kwenye kiti chako. Kule unafika bila kiti. Unaweza kuwa mtu anayeuliza maswali tangu siku ya kwanza, na kila mtu atadhani ulizaliwa hivyo.

Sasa jiandae kwa katikati ya muda wako ugenini. Mwanasosholojia Sverre Lysgaard aliwahoji Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akachapisha matokeo mwaka 1955: waliokaa muda mfupi na waliokaa muda mrefu walijiona wamezoea kuliko waliokuwa katikati, na akaielezea hali hiyo kwa mchoro wa herufi U. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo, na mimi naafiki. Bonde langu lilianza mwezi wa kwanza. Ila lilikuwepo. Nililala mchana, nikaacha kujibu ujumbe, nikachukia hata sauti ya mlango wa jirani. Ushauri wangu hapo ni mdogo: usifanye uamuzi wa kurudi ukiwa na usingizi wa wiki mbili mwilini. Tafuta kitu kimoja kinachojirudia kila wiki na watu walewale, iwe kwaya, mazoezi au maabara. Na kama giza halitoki, vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha. Kwenda huko ni sawa na kwenda kupimwa macho.

Wasiopata nafasi wasidhani mlango umefungwa. Idadi kubwa ya wanafunzi duniani humaliza shahada bila kusoma nje hata siku moja, kwa sababu ya fedha, visa, familia, au alama. Lakini wageni huja kwenu. Jitolee kuwapokea. Anayempokea mgeni hulazimika kueleza mambo ambayo hakuwahi kuyaeleza, katika lugha isiyo yake, huku akionekana kuwa mwenyeji anayejua kila kitu. Hayo ni mazoezi yaleyale, bila nauli.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, na sikuonywa. Nilifikiri nimerudi na kujiamini. Rafiki yangu akaniambia nimerudi na majivuno. "Kila sentensi yako inaanza na 'kule'," alisema. Alikuwa sahihi. Nilipinga kila kitu darasani hata pale nilipokuwa sina hoja, ili mradi nionekane napinga. Ilinichukua karibu muhula mzima kujifunza tena kusikiliza.

Mwaka wa mwisho nilipangiwa kumpokea mwanafunzi mgeni. Siku ya pili aliniomba nimsindikize ofisi ya usajili, nimsemee. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na sikuhitaji kuuliza ina nini. Nilimwambia nitakwenda naye, lakini ataongea mwenyewe. Alinitazama kama nimemsaliti. Tukapanga foleni. Zamu yake ilipofika nilisimama hatua mbili nyuma. Alikosea neno moja, karani akamrekebisha, akalirudia, akapewa fomu yake.