Kabla hujaongeza lami, tafuta maji yamekaa wapi

Barabara ikianza kubomoka, kauli ya kwanza utakayoisikia ni kwamba mkandarasi aliweka lami nyembamba. Huenda ni kweli. Lakini katika kazi nyingi nilizoitwa kukagua, lami ilikuwa ya kwanza kuonekana imeharibika na ya mwisho kupata tatizo. Ugonjwa ulianzia chini, miezi au miaka kabla, maji yalipopata njia ya kuingia na yakakosa njia ya kutoka. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoanza kazi hii: ukipewa barabara ya kukarabati, swali la unene wa lami liache kwanza.

Fikiria kilichopo pale. Barabara nyingi za lami zina tabaka la juu lisilozidi milimita 50, na nyingine zina lami ya kunyunyiza iliyomwagiwa kokoto mara mbili tu, ambayo haibebi uzito wowote wa maana. Kazi yake ni kuzuia maji na vumbi. Uzito wa lori unabebwa na msingi wa juu, msingi wa chini, na mwisho wa yote udongo wenyewe. John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1756, alilishikilia hilo kabla hata ya magari: kwamba kinachobeba msafara ni ardhi ya asili, na ikikaa kavu itabeba, basi barabara iwe paa la kuifunika. Tangu hapo tumepata mitambo na maabara, ila hoja yake haijapinduliwa.

Kwa hiyo nenda kakague mvua inaponyesha. Wahandisi wengi hukagua barabara jua likiwaka, wakiwa ndani ya gari, na kurudi na picha nzuri za mashimo. Vaa buti, shuka, utembee. Angalia maji yanakwenda wapi tangu yanapogusa katikati ya barabara. Mara nyingi utakuta bega la barabara limeota majani, majani yamekamata mchanga, na mchanga umeinuka hadi bega limekuwa juu kuliko ukingo wa lami. Maji yanateremka vizuri kutoka katikati, yanafika ukingoni, yanasimama. Hapo yanakaa saa nzima yakitafuta upenyo, na malori yanapita juu yake.

Sasa rudi siku ya pili jua limetoka, uinamie mstari wa gurudumu la nje, ule ulio karibu na ukingo. Ukiona nyufa ndogo ndogo zilizoungana kama ngozi ya mamba, tazama kingo za nyufa zenyewe. Kukiwa na utando wa tope laini, uliokauka na kuacha doa la kahawia au jeupe, ujue gurudumu linapolemea linasukuma maji kutoka chini kupitia ufa, na maji yanatoka na chembe laini za msingi. Kila lori linakupunguzia msingi kidogo. Hapo ukiweka lami mpya ya milimita 50 juu yake umenunua muda mfupi kwa bei kubwa, na nyufa zile zile zitapanda hadi juu.

Si kila ufa una maana hiyo, na hapa ndipo jicho linapohitajika. Nyufa ndefu zinazofuata ukingo kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi hutokana na udongo kuvimba masika na kusinyaa kiangazi. Mzigo hauhusiki sana. Nyufa za kukata barabara, zilizopangana kwa umbali unaokaribiana, mara nyingi zinatoka kwenye msingi uliochanganywa na saruji, kwa sababu saruji ikikauka husinyaa. Mabonde ya magurudumu nayo yana lugha yake: bonde jembamba lenye matuta pembeni ni lami yenyewe inayosukumwa, bonde pana lisilo na matuta ni tabaka za chini zimekubali kushuka. Lami inayotoka jasho na kung'aa juani imezidishiwa lami ya maji inayonatisha kokoto, au haina nafasi ya hewa ya kutosha.

Ukishasoma juu, chungulia chini. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha DCP, cha kupima ugumu wa tabaka za chini: fimbo ya chuma yenye ncha ya koni ya milimita 20, na nyundo ya kilo 8 inayoinuliwa na kuachiwa ianguke milimita 575. Hakihitaji umeme wala kompyuta. Mmoja anashika kifaa kikae wima, mwingine anainua nyundo, wa tatu anasoma rula na kuandika. Koni ikishuka kama milimita 3 kwa kila pigo, umo kwenye msingi mzuri, CBR (kipimo cha nguvu ya tabaka kubeba mzigo) ya 80 au zaidi. Ikianza kushuka milimita 30 kwa pigo, CBR imeanguka chini ya 10. Chora kina dhidi ya idadi ya mapigo na utaona mstari unapinda pale tabaka moja linapoishia na jingine kuanza. Anayeinua nyundo atakuambia kabla hujachora, maana mkono unahisi.

Kisha chimba shimo la majaribio kwenye sehemu mbovu, na jingine kwenye sehemu nzima. Hili la pili watu hulikwepa kwa kuogopa kutoboa lami nzuri, na bila hilo huna cha kulinganisha. Chukua sampuli ya unyevu kutoka kila tabaka, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa pale pale, usisubiri jioni. Ukikuta nyenzo ni zile zile na unene ni ule ule, ila upande mbovu una unyevu uliozidi kiwango cha kushindilia, umepata jibu lako, na jibu hilo linahitaji sululu na koleo kabla ya lami.

Kuna ubishi wa siku zote kuhusu CBR: unene wa tabaka ukadiriwe kwa udongo uliolowekwa maji siku 4 au kwa unyevu halisi wa pale? Kwenye maeneo makavu kuloweka kunaweza kukufanya uweke tabaka nene lisilo na sababu. Msimamo wangu ni huu: kama huna uhakika nani atazibua mitaro baada ya wewe kuondoka, loweka.

Upande wa magari, usihesabu tu, pima uzito. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya Marekani, yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli ikibeba mara mbili ya nyingine, inaharibu kama mara 16. Ekseli ya kawaida ya kubunia ni kilonyutoni 80, yaani kama tani 8.2; hivyo ekseli ya tani 13 inafanya kazi ya ekseli zaidi ya 6 za namna hiyo. Magari madogo unaweza kuyasahau kabisa kwenye hesabu ya unene. Ila usipime upande mmoja tu: barabara ya kwenda machimbo ya mawe ina upande wa malori matupu na upande wa malori yaliyojaa, na wastani wa pande mbili utakudanganya.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo fedha ndogo inaokoa fedha kubwa. Katikati ya barabara iwe juu ya sakafu ya mtaro kwa milimita 750 angalau. Ni kipimo kinachotumika sana kwenye miongozo ya nchi za joto, na nikikuta barabara imebomoka mapema huwa nakipima kabla ya kitu kingine. Mteremko wa kutoka katikati kwenda pembeni uwe asilimia 2.5 kwa lami, na kwa barabara ya changarawe uongezeke hadi 4 au 6, kwa sababu changarawe inalika na kuwa bapa upesi.

Bega nalo. Kosa ninalolikuta kila mara ni msingi wa kokoto nzuri uliokatwa wima ukingoni, halafu bega likajazwa kifusi cha mfinyanzi kilichokuwa karibu. Umejenga birika. Maji yakiingia kwenye msingi hayana pa kutokea. Upitishe msingi chini ya bega hadi kwenye ubavu wa tuta, ili maji yatoke yenyewe. Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, ziba mabega kwa lami, mita 1 au zaidi kila upande. Udongo wa pembezoni ndio unaolowa na kukauka kila msimu, kwa upana wa kama mita 1 kutoka ukingo wa lami. Bega lililozibwa linahamisha unyevu huo mbali na gurudumu la nje.

Mitaro ya kujengewa kwa mawe ina ujanja wake. Nimeona mitaro mizuri ya kupigiwa picha ambayo ukuta wake umeinuka juu ya bega kwa sentimita 10. Maji ya barabarani hayaingii kabisa. Yanatembea nje ya ukuta, yanachimba, na baada ya misimu michache ukuta unalalia ndani. Mdomo wa mtaro uwe chini ya bega. Na usiuache mtaro mrefu ubebe maji yote hadi bondeni. Utoboe pembeni kila panapowezekana, maji yatawanyike yakiwa bado machache na hayana nguvu. Makalavati ya milimita 600 yanakubalika kwenye miongozo mingi, lakini mtu mzima haingii humo na koleo. Mimi huomba 900 hata pale hesabu ya maji inaposema 600 inatosha.

Kuhusu nyenzo, nitakuwa mfupi kwa yale yaliyo kwenye kila mwongozo. Msingi wa juu uwe na mfinyanzi kidogo sana, kipimo cha unyumbufu (jinsi udongo unavyofinyangika ukilowa) kisizidi 6 kama hutaki ulainike ukilowa. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hutibiwa kwa chokaa, kifusi chenye mfinyanzi kidogo kwa saruji. Ukitumia saruji, saa inaanza kuhesabu pale saruji inapokutana na maji: uwe umechanganya, umesawazisha na kushindilia ndani ya saa 2 hivi, kisha lilowanishe tabaka siku 7. Greda likiharibika katikati ya kazi, tabaka hilo limekufa hata kama linaonekana zima, na hapo msimamizi ndipo anapojulikana.

Kushindilia ndiko kunakoibiwa zaidi. Tabaka la milimita 300 likimwagwa kwa mkupuo mmoja, juu litapita kipimo na chini litabaki limelegea. Weka 150, kwa roli zito labda 200. Kabla ya kukubali tabaka, leta lori lililojaa, liendeshwe polepole kama mtu anayetembea, nawe utembee kando yake ukitazama ardhi nyuma ya gurudumu. Ikiinuka na kushuka kama godoro, weka alama ya chokaa pale pale na uchimbue. Jaribio hili halina gharama na limenionyesha sehemu laini ambazo vipimo vya maabara vilivyochukuliwa hapa na pale vilizipita.

Na lami yenyewe? Nafasi za hewa ndani ya lami hubuniwa ziwe kama asilimia 4. Zikishuka chini ya 3 baada ya magari kushindilia, inaanza kusukumwa na kutoka jasho. Zikibaki juu ya 8 siku ya kumwaga, vijitundu vinaungana na maji yanapita. Kinacholeta hilo la pili mara nyingi ni lami iliyofika imepoa. Nunua kipimajoto chako mwenyewe cha kuchoma, kichomeke ndani ya shehena, usiridhike na joto la juu. Dereva atakuambia foleni ilikuwa mbaya. Mpe pole na ulirudishe lori.

Ukarabati sasa. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, ila hapa ufa ni ufa kweli: nyufa chache zisizo na tope, kwenye barabara isiyobonyea, zizibwe kwa lami kabla ya masika na uondoke. Shimo lisijazwe likiwa na maji na kukanyagwa na tairi la gari la mradi. Likate kwa mraba, kingo wima, uchimbe hadi ukute kitu kigumu na kikavu, paka lami ya kunatisha kwenye kuta zote, jaza kwa tabaka na kushindilia. Pale ngozi ya mamba imetawala lakini nyenzo ya msingi ni nzuri, mimi hupendelea kuusaga msingi pale pale pamoja na lami ya zamani, kuuongezea saruji kidogo na kuushindilia upya, kuliko kurundika lami juu. Kurundika kuna deni lake: kila ukiinua barabara, bega lazima liinuke nalo, la sivyo ukingo unabaki kama ngazi na tairi zinaumega.

Ratiba iwe hivi: mitaro na makalavati kwanza, mvua ipite juu yake, uone kama maji yanaondoka, ndipo viraka, ndipo lami. Wenye fedha hawaipendi ratiba hii kwa sababu mitaro haizinduliwi kwa utepe. Kwenye mkataba, usafishaji wa mitaro upewe kifungu chake chenye urefu na bei, usizikwe kwenye gharama za jumla. Lipa kwa mita iliyosafishwa, na kabla ya kusaini nenda kasimame upande wa pili wa kila kalavati, pale maji yanapotokea, maana uchafu husukumwa huko na wakaguzi huishia upande wa kuingilia.