Shati Moja kwa Wakati

Kwa miaka mingi niliamini mtu mwenye furaha ni yule ambaye mambo yamemnyookea. Shangazi yangu ndiye aliyenibadilisha mawazo. Alifiwa na mume mapema, akalea watoto peke yake, na goti lake linamsumbua hadi leo. Lakini ukikaa naye saa moja, unaondoka moyo mwepesi.

Nilikaa kwake wiki tatu nikiuguza mgongo, nikapata muda wa kumtazama vizuri. Akikunja nguo, anakunja nguo tu. Hulaza shati mezani, hupitisha kiganja kwenye kola, hufunga kifungo cha juu, ndipo achukue lingine. Mtoto akiingia na neno, shati huwekwa kando; shangazi humgeukia na kumsikiliza mpaka amalize. Mimi pale pembeni niko na simu, naitikia "eeh" bila kujua nimeulizwa nini.

Mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao yalikuwa kwingine, na hapo furaha yao ilikuwa pungufu. Hata waliowaza mazuri hawakuwazidi furaha wale waliotulia kwenye walichokifanya. Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi na mashati yake.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia: mtu akizungumza nawe, simu iwe chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, nimejaribu. Siku za mwanzo mkono utaitafuta, vumilia. Usingizi, mazoezi na shukrani vinasaidia pia, na vimeshasemwa sana.

Jingine, ambalo kwangu bado ni gumu: shangazi haweki kinyongo. Ukimkwaza atakwambia siku hiyohiyo, tena kwa upole, na yameisha. Mimi nilikuwa nabeba neno la mtu miezi, naye hata hakumbuki kama alilisema.

Wala usidhani halii. Akimkumbuka mumewe hulia mbele yetu, bila kujificha, kisha hufuta uso na kuuliza nani hajala. Ila huzuni ikikukalia wiki baada ya wiki, ukakosa usingizi na hamu ya kila kitu, usijilazimishe kutabasamu. Nenda ukamwone daktari.

Jana jioni binti yangu alinisimulia ndoto yake yote. Simu ilikuwa chumbani.