Usikubali Uso wa Bibi Uwe Doa

Picha ya kwanza niliyoigeuza kuwa maandishi, yaani sura inayochorwa kwa herufi na alama za kompyuta tu, ilikuwa ya bibi yangu, amekaa barazani kajitanda kanga, nyuma yake ukuta wa chokaa unawaka jua. Niliipitisha kwenye programu, nikasubiri kwa hamu. Kanga ilitoka vizuri ajabu, hata pindo lilionekana. Uso wake ukatoka rundo la @ tupu. Macho hayapo, mdomo haupo. Iliniuma.

Programu hizi huikata picha vipande vidogo, zikapima mwanga wa kila kipande, kisha zikaweka alama inayolingana nao. Kwenye ukurasa mweupe, penye giza huwekwa @ au #, penye mwanga huwekwa nukta au nafasi tupu. Ukiwa na alama kumi tu, ukuta na kanga vikishachukua nane, ngozi nyeusi inabakiwa na mbili. Mbili hazitoshi kuchora pua.

Kwa hiyo, kabla ya kugeuza chochote, kata picha ibaki uso peke yake. Kisha angaza sehemu za kivuli na uongeze tofauti ya giza na mwanga, mpaka uone mstari wa shavu na kope kwa macho yako. Kama bado hujapiga picha, mkalishe mtu kando ya dirisha, mwanga umpige upande mmoja. Hapa ndipo penye kazi yote, na ndipo wengi wanaporuka.

Mengine ni mepesi. Herufi ina urefu karibu mara mbili ya upana wake, basi punguza kimo cha picha kwa nusu, la sivyo uso utarefuka. Tumia fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, kama Courier. Ukituma kwa WhatsApp, weka alama ``` mwanzo na mwisho, na mistari iwe mifupi. Herufi 30 hivi kwa kuanzia, maana simu huvunja mistari mirefu na picha yote ikavurugika.

Halafu malizia kwa mkono. Mwaka 1898 Flora Stacey wa Uingereza alichora kipepeo kwa taipureta, bila kompyuta yoyote; mkono unaweza. Kwenye jicho la bibi nilifuta @ moja tu, nikaacha nafasi tupu pale mwanga unapogusa mboni. Akaniangalia.

Sasa namtengenezea nyingine kwa herufi za jina la kanga yake ileile: WEMA HAUOZI. W na M zina wino mwingi, nazipanga kwenye nywele na kivuli cha shingo. I ni nyembamba, hiyo naiweka kwenye paji la uso.