Zima picha, sikiliza: maswali yenu kuhusu mwanzo wa filamu

*Shikamoo mwalimu. Nasoma Newala. Tumepewa kazi ya kuchambua mwanzo wa filamu, lakini kila nikiandika naishia kusimulia hadithi. Nianzie wapi?*

Marahaba mwanangu. Picha na sauti vinakujia pamoja, ndiyo maana hadithi inakuteka. Vitenganishe. Kwanza laza simu kifudifudi, sikiliza tu, na uandike kila unachosikia, hata mlango unaolia. Kisha zima sauti, hesabu kila picha inapokatwa, yaani inaporukia picha nyingine, na uandike kamera iko wapi: darini, usawa wa goti, au begani mwa mtu? Imetulia au inafuata? Halafu jiulize kwa nini hapa na si pale. Ukiandika "kamera iko chini" ukaishia hapo, umeorodhesha vyombo vya jikoni, hujapika.

*Mimi naona kamera ndiyo kila kitu. Sauti ina uzito gani hasa? Msomaji, Lindi mjini.*

Tazama filamu ya Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya mwaka 1958. Inaanza na mkono unaotega saa ya bomu. Bomu linatiwa kwenye buti ya gari, wenye gari wanapanda bila habari, wanaondoka. Kamera ikiwa juu ya kreni inapanda juu ya majengo, inashuka barabarani, inalitangulia gari, inakutana na mke na mume wanaotembea kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Zaidi ya dakika tatu bila kukatwa! Kutokukata huko ndiko kunakotesa, maana bomu linahesabu sekunde zilezile unazohesabu wewe kitini. Wawili wale wanabusiana, mlipuko unasikika, na hapo ndipo picha inapokatwa.

Sasa sauti. Studio iliitoa filamu ikiwa na muziki wa Henry Mancini juu ya picha hizo, na majina ya waigizaji na watengenezaji yakipita. Welles alikuwa ameiandikia waraka wa kurasa 58 kueleza alivyotaka ihaririwe. Mwaka 1998, yeye akiwa marehemu kwa miaka 13, mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka ule. Majina yakaondolewa, muziki ule ukatolewa, zikaingia nyimbo za vilabu ambavyo kamera inavipita, na redio ya gari. Picha ni zilezile, lakini sasa redio ikisikika karibu unajua bomu liko karibu, hata gari likiwa nje ya fremu. Bajaji nazo ndivyo zilivyo: haijakata kona, singeli yake imeshafika.

*Kaka, filamu yangu inaanza na droni: ufukwe wa Mikindani, minazi, mashua. Rafiki zangu wanasema ni tangazo la utalii. Wananionea?*

Hawakuonei. Droni inaonyesha vyote kwa mpigo, na haijasimama upande wa mtu yeyote. Jiulize ni jicho la nani. Mhusika wako akivuka kwenda Msangamkuu, kaa naye chomboni, kamera usawa wa kiuno: ndala mkononi, maji miguuni, ng'ambo ikionekana kidogo tu katikati ya vichwa viwili. Atakayetazama atanyoosha shingo. Mwanzo wa Jaws (1975) papa haonekani kabisa. Kamera iko chini ya maji inamtazama muogeleaji kwa chini, basi, na watu waliogopa bahari. Droni yako itunze. Mhusika akishapotea, itakufaa.

*Nikirekodi Shangani napata upepo tu. Nifanyeje?*

Kusi hilo. Funika maiki kwa sponji na kitambaa chepesi, isogeze karibu na mdomo wa msemaji, au rekodi alfajiri. Na kabla hujaondoka rekodi dakika moja ya mahali penyewe pasipo mtu kusema. Utaihitaji kuziba mianya wakati wa kuhariri.

*Mbona muvi za kutafsiriwa tunazoona bandani mwanzo wake hausikiki?*

Kwa sababu mtafsiri ameshaanza kazi! Mlango unalia, yeye anakwambia "huyu ndiye sterling". Mimi nawapenda sana, nimekulia humo kwenye mabenchi, na baadhi ya filamu zinanoga zaidi kwa maneno yao. Lakini wewe wa Newala, kwa kazi yako ya shule tafuta nakala isiyotafsiriwa.