Niliulizwa kama naumwa macho: rangi za moto na wanja

Wiki iliyopita binti mmoja aliniandikia kutoka Chake Chake. Kanunua paleti ya shedo za rangi za moto, yaani rangi za kupaka kope zenye wekundu na kahawia, kwa harusi ya dada yake, kaijaribu mara tatu, na kila akijitazama kiooni anajiona kama mtu aliyelia usiku kucha. Akaniuliza: kasoro iko kwenye paleti au kwenye ngozi yangu? Swali hilo nami nimewahi kuishi nalo, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Yangu niliinunua Mlandege, shilingi 28,000, rangi 12. Nilipoifungua nilikumbuka karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kwa bibi yangu Wete, kijani inaingia wekundu, wekundu unaingia kahawia. Shaba, matofali, mdalasini, manjano ya bizari. Niliipenda papo hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2024, mtoto wa ami yangu anaolewa. Nilijipamba baada ya magharibi, chini ya taa nyeupe ya chumbani. Foundesheni, poda, kisha ile rangi ya matofali nikaipaka kope nzima mpaka karibu na nyusi, na chini ya jicho pia. Wanja sikutia, nikiona ni mambo ya zamani. Mbele ya kioo nilijiona nimependeza kweli.

Ukumbini nikaanza kuwaamkia wakubwa. Nilipomfikia mama mmoja mtu mzima wa upande wa bwana harusi, nikainama kuubusu mkono wake, akaurudisha. "Mwanangu, una macho mekundu? Si ungebaki nyumbani, humu mna watoto." Miezi ile maradhi ya macho mekundu yalikuwa yamezagaa, kila mtu anamwogopa mwenzake, na sauti yake ilisikika viti vitatu nyuma. Niliosha uso chooni kwa sabuni ya kunawia mikono, nikakaa nyuma mpaka gari la kwanza lilipoondoka. Picha za usiku ule ninazo zote, mimi simo hata moja. Yule mama simlaumu, lakini bado inaniuma.

Paleti ikakaa kabatini mpaka mfungo uliofuata, nilipoanza tena polepole, nikipaka na kufuta baada ya tarawehe. Siku moja mama akapita na kichupa chake cha wanja, akanitia yeye mwenyewe kama alivyokuwa akinitia utotoni. Nikajitazama. Wekundu uleule, kope ileile, na macho yamewaka.

Jibu langu kwa binti wa Chake ni hilo. Wekundu ukigusana na weupe wa jicho, unaamsha vimishipa vyote na jicho linaonekana gonjwa. Utenganishe kwa mstari mweusi, au kahawia iliyokoza, kwenye ukingo wa kope juu na chini. Wanja kwanza! Bibi zetu hawakuwa na paleti na hili walilijua. Ila wanja wa kusaga usiojulikana ulikotoka uachane nao, kwani baadhi yake una madini ya risasi, na hayo ni sumu.

Baada ya wanja, mkunjo wa kope utie kahawia isiyong'aa, iliyozidi ngozi yako kidogo. Ndipo rangi ya matofali iingie, katikati ya kope tu, ikomee hapo. Shaba ibonyeze kwa kidole, maana brashi huimwaga mashavuni. Rangi hizi za kutu na mdalasini nyingi hutokana na oksaidi za chuma, jamaa wa kutu ya bati la paa, na ngozi yetu huzibeba vizuri mno. Zile hafifu za pichi ndizo za kuangalia. Huwa na unga mweupe mwingi, na juu ya ngozi nyeusi hugeuka majivu. Mimi zangu mbili sijazigusa tena. Na ujitazame mlangoni kungali mchana, taa ya chumbani imenidanganya mara moja, inatosha.

Brashi msiazimane, dada zangu. Hili nalisema kwa ukali. Nawaona kwenye maharusi brashi moja inazunguka macho ya wasichana sita, kisha wiki ya pili wote wanafunga macho kwa usaha. Mpambaji asiyesafisha brashi mbele yako, mwambie usoni, hata kama ni shoga yako. Tumefundishwa usafi tangu chuo cha Kurani, tunatawadha mara tano, halafu tunajisahau mbele ya kioo?

Na tena msinunue rangi kwa sababu imempendeza msichana wa kwenye simu. Nunua, kisha ukae nayo usiku tatu nne kabla ya shughuli. Mimi sikukaa nayo hata mmoja.

Jumamosi iliyopita nilimpamba bibi harusi Kikwajuni, kwa paleti ileile. Joto la kaskazi, feni moja, jasho linatutiririka sote. Nilimtia wanja, kahawia, matofali, shaba kidogo, na hina yake ilikuwa imekoza mpaka viganjani. Mama yake alimtazama, kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Na mimi nitie hivyohivyo," akasema, akafumba macho.

Picha ya jicho la bibi harusi, kwa ruhusa yake, nimeshamtumia binti wa Chake. Harusi yao ni Ijumaa ijayo.