forEach haiisubiri await yako

SWALI: Programu yangu huhifadhi risiti za duka kwenye simu mtandao ukikatika, kisha ukirudi inazituma kwa seva moja baada ya nyingine. Nimetumia forEach ya JavaScript, inayopitia orodha kimoja kimoja, ndani yake async na await, maneno ya kusubiri kazi iishe. Bado risiti zinafika shaghalabaghala, na "Imekamilika" inajitokeza kabla hata moja haijafika. Rafiki kaniambia nizicheleweshe kwa setTimeout (saa ya kuahirisha kazi), kila moja sekunde mbili nyuma ya mwenzake, na kwangu imekubali. Niiache hivyo?

JIBU: Usiiache, ndugu yangu. Ushauri huo nakutana nao kila kukicha.

Await yako inafanya kazi, ila inasimamisha ile funksheni ya ndani tu. Kila mzunguko funksheni hiyo hurudisha Promise, yaani ahadi ya jibu litakalokuja baadaye. ForEach huitupa bila kuitazama na kukimbilia risiti inayofuata. Ndiyo maana maombi yote ya kwenda kwa seva yanaondoka kwa mkupuo. Andika hivi, ndani ya funksheni ya async:

for (const risiti of orodha) {
  const jibu = await fetch(anwani, {
    method: "POST",
    body: JSON.stringify(risiti)
  });
  if (!jibu.ok) throw new Error("Seva imekataa: " + jibu.status);
}

Mstari wa jibu.ok usiufute. Seva ikirudisha 500 (namba ya kosa la ndani ya seva), fetch, inayotuma ombi, haioni kosa lolote, na bila mstari huo risiti ya nne itatumwa wakati ya tatu imekataliwa.

Sasa hiyo setTimeout. Kuchelewesha si kusubiri! Sekunde mbili zimekubali kwako kwa sababu mtandao wako ni mzuri. Mpe mwenye duka aliye kwenye 2G, ombi la kwanza lichukue sekunde tano, na la pili linaweza kulipita njiani. Mwenye mtandao mzuri naye, akiwa na risiti 100, atakaa zaidi ya dakika tatu akingoja bure. Ukiwauliza wanaokupa dawa hii, watakwambia ongeza ziwe tano. Wengine watakutajia Promise.all, ambayo husubiri ahadi zote kwa pamoja na hupanga majibu kwa mpangilio wa orodha yako lakini haizuii maombi kuondoka pamoja. Async na await zimo kwenye kiwango rasmi cha JavaScript tangu 2017; hakuna sababu ya kuendelea kubahatisha muda.

Na kubahatisha huku kunaumiza watu. Ombi la kufuta mauzo likitangulia mauzo yenyewe, seva hulikataa, kisha mauzo yanaingia na kubaki. Jioni kitabu kinaonyesha fedha ambazo hazimo kwenye droo, na anayeitwa kujieleza ni keshia.